Jibu la Waya

Tarehe 6 Februari

Kwako mke wangu mdogo, uliyeniacha na mke mkubwa atumalize mimi na sukari ya nyumba,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Mimi mzima kama chuma. Bibi yako mzima, ila goti limemnunia tena. Paka amezaa juu ya kochi la mwalimu mkuu, nikamwambia mwenye kochi avumilie, kazi imesimama kwa sababu ya uzazi. Barua ya kusema umefika salama tumeipata. Bibi yako ameisoma mara mbili, mimi mara moja, maana neno likiingia kwangu halitoki. Shule mimi niliiona kwa nje tu, siku niliyokwenda kukaza viti vya walimu, lakini hao walimu wenyewe hawaandiki kama mimi, wewe shahidi. Na habari za simu usinipe. Simu kwenye sikio langu ni nzi ndani ya chupa. Andika.

Sasa hebu niambie, umenifanya nini? Juzi nafungua karakana, nakuta watu wamesimama mlangoni, simjui hata mmoja. Nikasema moyoni, leo nimepata wateja. Naangalia, hakuna aliyebeba kiti. Mama mmoja ananisogezea simu usoni: "Mzee, si wewe huyu?" Loo! Nimo mle ndani, nyundo mkononi, misumari mdomoni, napiga domo! Nikamwambia, huyo ni mdogo wangu mama, mimi nina sura nzuri zaidi.

Kumbe siku ile ulipokaa juu ya magunia ya sufi ukisema unanipiga picha ya kumbukumbu, ulikuwa unaniiba na sauti. Na umeiba kisa chenyewe hasa! Kisa cha jirani yangu Waya, fundi redio, na harusi yake: koti jipya, ua kifuani, anapita mtaani anasikia redio ya mtu inakoroma. Basi bwana, mguu ukakata kona. Watu wanamtafuta huku na huku, bwana harusi yuko chini ya meza ya mtu na bisibisi, ua limeshaungua kwa lehemu. Anafika harusini, viti vya kukodi vinapakiwa garini. Na hiyo redio? Haikupona!

Wanasema watu laki mbili wameniona. Mimi sishangai, nashangaa walichelewa wapi siku zote.

Waya mwenyewe, si unamjua, haoni haya. Tangu tuanze kukaa chumba kimoja, viti upande wangu na redio upande wake, nimemtania mpaka amekuwa sugu. Leo kaja na shati la pasi. Nikamuuliza unakwenda wapi. Akasema, "Siendi popote. Ukiwa na jirani maarufu, uchafu wako na wenyewe unaonekana."

Bibi yako anauliza kama unakula.

Mumeo mzee, fundi viti asiye na mpinzani.


Tarehe 1 Machi

Mume wangu mzee mwenye maringo,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Bibi, mwambie nakula. Goti alikande kwa maji ya moto, asingoje mpaka livimbe. Hapa sote wazima. Sote maana yake ni sisi watatu wa chumba kimoja, lakini zamu zetu zinapishana, kwa hiyo mwenzangu namjua kwa shuka lake lililobaki na joto. Kazi ni ile ile, kukunja mashuka ya hoteli. Mashine inavuma, ukisema neno halifiki kwa jirani, basi watu wameacha kusema.

Babu, usinikasirikie. Ile video niliiweka mtandaoni kwa sababu nilikaa siku nyingi sijasikia mtu akicheka kwa lugha yetu. Nikasema nikiiweka nitasikia mtu mmoja wawili. Asubuhi nakuta simu imejaa! Mmoja kaandika, "Mzee huyu anaongea kama baba yangu marehemu, nimeisikiliza nikilia." Mwingine yuko mbali kama mimi, anasema ameiangalia akila peke yake na chakula kikashuka. Na msimamizi wetu kazini, aliyekuwa ananiita "wewe wa pale," sasa ananiita kwa jina.

Nimeifupisha kidogo tu, maana ikiwa ndefu watu hawaangalii.

Wanataka kisa kingine. Usininyime.

Mkeo mdogo.


Tarehe 28 Machi

Kwako mke wangu mdogo mwenye wanaume laki mbili,

Sisi wazima. Watoto wa paka wamefungua macho, mmoja ana sura ya mwalimu mkuu.

Nianze na furaha. Unakumbuka bibi yako alikuwa na mdogo wake aliyeolewa mbali, tukahama, yeye akahama, tukapoteana mpaka tukaacha kumtaja? Yuko hai! Wajukuu zake walikuwa wanacheka na simu, yeye yuko jikoni, akasikia sauti yangu akatoka na mwiko mkononi: "Huyo mwongo ni shemeji yangu!" Wakatafuta, wakauliza, wakapiga simu kwa jirani yetu. Bibi yako ameshika ile simu kwa mikono miwili kama kikombe cha moto, wanalia. Mimi nilitoka nje, si kwa kulia, kulikuwa na moshi.

Kwa hilo nakushukuru mpaka siku ya kufa. Liweke mahali pake, maana sasa nakuja na jingine.

Waya hapiti tena njiani kwa amani. Anakwenda kununua mkate, watu wanampigia kelele: "Bwana harusi, umechelewa!" Wengine wanamletea redio nzima, haina hata kikohozi. Akiinama kuifungua wanampiga video. Mwanzoni alikuwa anawajibu, na Waya akikujibu unakaa chini. Lakini akishamjibu huyu, anakuja mwingine ambaye hakusikia. Mtu mmoja utamjibu. Laki mbili utawajibu lini, na redio za watu utatengeneza lini?

Nikamwomba yule mama mwenye simu anionyeshe tena. Nikaangalia mpaka mwisho. Mke wangu, mbona nacheka mimi tu? Jibu la Waya liko wapi?

Wewe umekulia kwenye magunia yale, sheria ya karakana unaijua. Anayetaniwa ndiye mwenye neno la mwisho. Na neno lake likimshinda mtani, mtani anashika ufagio jioni, anafagia upande wake na upande wa mwenzake. Siku ile nilifagia mimi, ulikuwepo. Sasa dunia nzima inaona nimempiga mwenzangu ngumi na yeye amesimama tu, mikono chini, kama mjinga. Utani bila jibu si utani tena, ni matusi.

Rudisha jibu la Waya. Liweke hapo hapo ulipoweka maneno yangu.

Mumeo.


Tarehe 20 Aprili

Mume wangu,

Shikamoo Babu, shikamoo Bibi. Nimefurahi mno kwa habari za bibi mdogo! Nimewasimulia wenzangu kazini kwa ishara, maana mashine haituruhusu kusikilizana, nikafuta machozi kwa shuka la hoteli.

Huku mvua haikatiki. Viatu vyangu vimefunguka mbele, vinacheka kuliko wewe. Mmoja wa chumbani amehama, ameletwa mwingine anayekoroma. Tumebadilishiwa sabuni kazini, mikono inawasha.

Kuhusu jibu la Mzee Waya, nitaangalia.

Watu wanatania tu, Babu, watachoka. Mtandaoni jambo halikai, kesho wanapata jingine. Mwambie Mzee Waya wanampenda sana.

Mkeo.


Tarehe 19 Mei

Mjukuu wangu,

Sisi wazima. Goti la bibi yako ni lile lile. Paka wamegawiwa.

Umeniandikia habari za mvua, viatu, sabuni na mtu anayekoroma. Nilichokuuliza umekijibu kwa neno moja. Mimi ni fundi viti, mtu akiweka sufi nyingi mahali pamoja najua chini yake kuna ubao umevunjika.

Waya amekwenda kupumzika kwa binti yake.

Nitakwambia ilivyokuwa, halafu sitarudia. Binti yake alikuja kumtembelea akiwa amevimba kwa hasira, akamsomea walivyoandika chini ya ile video. Mimi niko upande wangu nakaza kamba, nasikia. Kuna mtu kamgusa marehemu mkewe. Eti mwanamke aliyekubali mume wa namna hiyo lazima alikuwa hana wa kumtaka. Mtu huyo hatumjui, naye hatujui sisi, hajala kwetu wala hajatukopa kijiko! Na chini yake watu wamecheka.

Nikamngoja Waya ajibu. Alichomoa lehemu ukutani, akaikalisha ipoe, akaifunga kwenye kitambaa chake kile cha bluu. Akashusha kibao chake cha mlangoni. Akasema, "Nakwenda kupumzika."

Na mimi, na huu mdomo wangu, nikamwambia, "Usichelewe kurudi."

Nilikuwa namtania anijibu. Nilitaka anitukane, anishinde, nifagie. Alinitazama tu, akatoka na binti yake. Tangu nimjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza hakunijibu.

Bibi yako anasema nimfuate. Nimfuate kwani mimi ni kivuli chake? Atarudi. Redio za watu ziko hapa zimefunguliwa matumbo, Waya hawezi kulala na redio imefunguliwa.

Iondoe hiyo video.

Babu yako.


Tarehe 15 Juni

Babu,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina habari za mvua.

Video nimeifuta siku ile ile niliyopata barua yako. Lakini Babu, si yangu tena. Watu waliichukua, wakaiweka kwao, na wao wakachukuliwa na wengine. Mmoja ameongeza muziki. Mwingine amekata pale ulipomtazama Mzee Waya, anakuweka unamtazama, unamtazama, bila kwisha. Nimewaandikia waiondoe. Wengine wamenicheka, wengine hawajui hata kama ilitoka kwangu. Ni kama kumwaga debe la maji barabarani halafu urudi na kikombe.

Jibu la Mzee Waya nililikata mimi. Video ilikuwa ndefu, na kicheko chako kilikuwa kizuri kumalizia. Sikufikiri zaidi ya hapo. Video nzima ilibaki kwenye simu yangu ya zamani, simu ikaanguka kwenye pipa la maji ya kufulia, na uliponiuliza nikaogopa kukwambia kwamba huenda limepotea.

Na ulipolalamika mara ya kwanza, kwa nini sikuifuta hapo hapo? Jioni nikitoka kazini, Babu, wale watu wa kwenye simu ndio walionisalimia. Hakuna mwingine. Nikaona nikiifuta nitarudi kuwa "wewe wa pale."

Nimempata fundi simu karibu na stendi. Anasema simu iliyokunywa maji ya sabuni ni mgonjwa wa kuombewa, lakini atajaribu.

Nenda kwa Mzee Waya. Usiningoje mimi, wala usingoje jibu.

Mjukuu wako.


Tarehe 2 Julai

Mjukuu wangu,

Sijapata barua yako. Kama uliandika, iko njiani na hii, zitapishana zisisalimiane.

Bibi yako hajambo.

Nilikwenda kwa Waya. Nisingeweza kwenda mikono mitupu kama mtu aliyekosa, kwa hiyo nilichukua redio ya bibi yako, nikaifungua nyuma, nikakata waya mmoja kwa koleo langu la misumari. Nikasema nitamwambia, "Redio ya mke wangu mgonjwa, na mafundi wa kule kwetu wote wamekimbia." Hapo lazima angenijibu. Njiani nilikuwa najibiwa kichwani, nacheka mwenyewe, watu wananiangalia.

Nikafika kwa binti yake. Nikakuta nje kuna gari, watu wanapakia viti. Mimi nikiona viti naviangalia kwanza kabla ya watu, ni ugonjwa wa kazi. Viti vya kukodi, vya plastiki, vimepangwa kumi kumi. Nikasema, kumbe kulikuwa na shughuli, mbona hakunialika huyu mshenzi.

Binti yake akatoka. Kuniona tu akaweka mkono kichwani. "Baba mdogo, ndiyo unafika?"

Walikuwa wamemzika jana yake.

Ni kifua. Kilimkamata siku chache kabla, kikamchukua. Usianze kujitwisha, nimekwambia ni kifua. Nikamuuliza binti, mbona sikuambiwa? Akasema tangazo lilitolewa kwenye grupu, kila mtu aliliona, kila mtu alidhani nimeliona. Grupu la kwenye simu. Laki mbili wanajua sura yangu na meno yangu yaliyobaki, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua mguu kuja kunigongea mlango.

Binti hakunisema. Angenisema ningeshukuru. Alinipa maji, akachukua redio akaiweka pembeni akidhani nimekuja nayo kusikiliza habari. Wakati wa kuondoka akanirudishia.

Waya hakuulizia mtu, binti alisema. Mwishoni alikuwa akisikia redio ya jirani inakoroma, mkono unatafuta bisibisi kitandani.

Sasa nisikilize. Miye ninayejisifu kwamba neno likiingia halitoki, siku ile uliyotupiga video nilifagia. Nalikumbuka lile vumbi, na bibi yako alikuwepo ameleta chai. Kwa hiyo Waya alinishinda. Alinishinda kwa neno gani? Silikumbuki. Nimekaa kwenye kiti chake, nimekaa kwenye changu, nimemuuliza bibi yako, naye hakumbuki ila kwamba alicheka. Nilikuwa bado nacheka maneno yangu mwenyewe, la kwake nikalisikia nusu. Nilijua ataniambia lingine kesho.

Kama unalo, niandikie. Usilipeleke kwa watu. Niandikie mimi.

Babu yako.


Tarehe 30 Julai

Babu yangu,

Shikamoo. Poleni sana, wewe na Bibi. Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha mashine, mahali ambapo mtu akilia hasikiki.

Fundi aliikausha simu kwa siku nyingi, ikawaka mara moja. Picha zimekufa, lakini sauti ipo. Nimeisikiliza na kalamu mkononi, naandika kama ilivyo, sijapunguza hata neno.

Wewe unasema, "Na hiyo redio? Haikupona!" Unacheka sana. Unasikika unapiga nyundo kwenye ubao. Hapo ndipo nilipokata.

Halafu Mzee Waya anakohoa, anasema: "Nilichelewa, sikatai. Lakini viti vyote vilipakiwa kikabaki kimoja, kwa sababu kulikuwa na mtu amekikalia. Viatu mkononi, ananingoja. Wewe mwenzangu umewahi kila mahali maisha yako yote. Taja mtu mmoja aliyewahi kukungoja."

Halafu Bibi anasema, "Shika ufagio, mume wangu!" Watu wote wanacheka, na wewe unacheka kuliko wote, Babu. Mwishoni kabisa unasikika ufagio. Mzee Waya anakwambia, "Na huku kwangu, chini ya meza."

Hapo simu ikazima. Fundi anasema haitawaka tena.

Mjukuu wako.


Tarehe 24 Agosti

Kwako mke wangu mdogo,

Salamu kutoka kwetu. Bibi yako hajambo, mdogo wake yuko hapa tangu wiki iliyopita, wanapika wawili, wananisema wawili, nimekonda kwa masikio. Nunua viatu. Bibi yako amesema nikuandikie hivyo kwa herufi kubwa, lakini hii ndiyo kubwa yangu.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja.

Halafu nikaisoma tena.

Watu bado wanakuja na simu zao wanataka kisa. Nilitaka kuwafukuza. Sasa nawakalisha kwenye magunia, nawaambia pigeni video mtakavyo, ila mkianza msizime mpaka mmeniona nimeshika ufagio. Nasimulia kama siku zote, ua linaungua, viti vinapakiwa, wanacheka. Halafu nakwenda upande wa pili, nakaa kwenye kiti chake, natoa jibu lake. Wengi wanaondoka bila kuomba kisa kingine. Wengine wameshazima zamani, wamepata walichotaka. Sina la kuwafanya.

Wakishaondoka nafagia. Kwangu, halafu kwake. Kwake hakuna tena vipande vya nyaya wala matone ya lehemu, ni vumbi tu la kawaida, lakini nafagia mpaka chini ya meza.

Redio ya bibi yako bado iko mezani kwa Waya, imefunguliwa. Bibi yako anasema nimpelekee fundi mwingine. Nimemwambia angoje. Jana niliiinamia mwenyewe na miwani ya bibi yako, nikatafuta pale nilipokata. Nyaya zote zinafanana.

Mumeo.